Bi Bubu Katoka Vizuri

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuingia mfuko wa shati, nyeusi, ina kifuniko cha kuteleza kinacholifunika jicho lake kama kope. Ukikisukuma kando, jicho linafunguka na kitu ndani kinanguruma kidogo, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Alinipa mhandisi mmoja wa visima niliyekuwa mpishi wake, siku alipofunga kambi kurudi kwao. Akaniambia, "Mzee, hii haitaki elimu. Unaelekeza, unabonyeza, basi. Inapima mwanga yenyewe, inalenga yenyewe, kukiwa na giza inawasha taa yenyewe, na mkanda inavuta yenyewe."

"Na masufuria inaosha?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi siioi. Lakini nitakaa nayo."

Nikafunga kifurushi changu, nikaenda kwa dada.

Dada yangu ni fundi wa nguo za kike. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: cherehani mbili zinazotazamana, meza ya kukatia, pasi, vitambaa kwenye rafu mpaka darini, na nyuma kabisa, ukutani chini ya dirisha la uani, amesimama Bi Bubu. Bi Bubu ni ile sanamu ya kuvalishia nguo, kiwiliwili bila kichwa wala mikono, juu ya mguu mmoja wa chuma. Kachomwa pini mpaka kazoea.

Nilipoingia, dada aliniangalia juu ya miwani, pini mdomoni, futi shingoni. "Kiguu na njia, umerudi. Umekuja kukaa au umekuja kula?"

"Nimekuja kula nikiwa nimekaa."

"Kanawe mikono."

Ana mabinti wawili, na wote aliwafundisha kazi hiyo, hapo hapo kwenye meza hiyo. Mkubwa tunamwita Kengele, kwa sauti yake. Akikohoa uani, mbwa wa mtaa wa pili wanasimama. Mdogo ni Sindano: mwembamba, si msemaji, lakini akikugusa unajua umeguswa. Na hao wawili walikuwa hawasemezani.

Chanzo ni gauni la harusi ya Sindano. Kengele ndiye aliyelishona, na kusema kweli lilikuwa gauni. Lilimkaa mwilini kama ganda la ndizi. Halafu bibi harusi akainama kukata keki. Mshono wa mgongoni ukaachia kuanzia juu mpaka kusikotajika, kwa mlio ambao mpiga ngoma alidhani mwenzake kaanza, naye akaanza.

Sindano akasema, "Ulibana makusudi."

Kengele akasema, "Ulinenepa baada ya vipimo."

Kwa watu wengine hayo ni maneno tu. Kwa mafundi wa nguo ni matusi. Kumwambia fundi alibana makusudi ni sawa na kumwambia mpishi katema mate chunguni. Na kumwambia fundi mwenzako kanenepa baada ya vipimo ni kumwambia kazi yote aliyojifunza haikumsaidia kuujua hata mwili wake mwenyewe. Hakuna aliyekubali kulirudisha neno lake. Picha za harusi walizokuwamo wote wawili waligawana kwa mkasi, kila mtu akamkata mwenzake. Kengele alitumia mkasi wa meno, ule wa kuzuia kitambaa kisichanike nyuzi. Hasira haikumfanya asahau kazi.

Lakini kazi ni kazi, na Sindano hata baada ya kuolewa alikuwa anakuja kushona. Watu wawili hawawezi kukaa chumba kimoja, cherehani zinatazamana, bila kuulizana uzi uko wapi. Ndipo wakamgeuza Bi Bubu kuwa mkalimani. Siku ya kwanza niliyofika niliwasikia kwa masikio yangu.

"Bi Bubu," Kengele alisema, hakuinua macho, "kuna mtu kakanyaga kitambaa changu."

"Bi Bubu," Sindano akajibu, "mwambie mwenye kitambaa sakafu si rafu."

"Bi Bubu, mwambie anayesema hivyo kwamba rafu imejaa vitambaa vyake."

"Bi Bubu, mwambie huyo..."

"Bi Bubu," dada akadakia, "waambie wote wawili chakula tayari."

Na wakasimama wote, wakaenda kula. Nikamhurumia yule mama asiye na kichwa. Nimeishi na mabosi wengi, lakini hakuna aliyenifanyisha kazi kiasi hicho bila kunipa hata kiti.

Sasa ukutani kwa dada kulikuwa na fremu, nzuri, ya mbao. Aliinunua kwa ajili ya picha ya harusi ya binti yake, na baada ya mikasi kupita hakukuwa na cha kuweka. Kwa hiyo ndani yake ilibaki ile picha ya karatasi inayokuja na fremu kutoka dukani: mwanamke mgeni kabisa, meno meupe, kakumbatia watoto wawili wanaocheka.

"Wateja wananiuliza, huyu ni nani wako," dada aliniambia. "Mwanzo nilikuwa nasema sijui. Wakawa wananiangalia vibaya. Sasa nasema ni mkwe."

"Una mtoto wa kiume?"

"Sina. Na mmoja kashaanza kuniuliza mkwe hajambo."

Alivyosema alicheka, lakini aliivua miwani akaifuta, na miwani haikuwa chafu. Mume wa Sindano alikuwa kapata kazi mbali, kwenye mradi wa nguzo za umeme, na Jumamosi ile walikuwa wanahama. Ukihamia kule, kurudi si leo wala kesho. "Watoto wangu wawili," dada akasema, "pamoja, kwenye fremu hii, kabla huyu hajapanda gari. Sikuombi kingine, mdogo wangu. Una kamera. Kwa mara ya kwanza katika maisha yako una kitu."

Siku ile ile nikawaita. Walikubali kwa sababu ya mama yao, si kwa sababu nyingine. Wakasimama katikati ya chumba, huyu huku na huyu kule, na kati yao pengo ambalo ungeweza kupitisha baiskeli na mzigo wake. Nikaelekeza, nikabonyeza. Taa ikawaka. Kengele akasema, "Bi Bubu, tumemaliza?" na akageuka kwenda zake, na hapo taa ikawaka tena.

Niwaeleze jambo hilo la taa. Ile kamera ina taa mbili. Ya kwanza inapepesa kuyaandaa macho ya watu, wasitoke na macho mekundu kama wachawi. Ya pili ndiyo picha yenyewe. Asiyejua, akiona ya kwanza anadhani imekwisha: anaachia pumzi, anajikuna. Ndiyo maana mkanda wangu wa kwanza wote ulijaa watu wanaojikuna.

Nilipoupeleka studio kusafishwa, mwenye studio alinikabidhi bahasha huku anatikisa kichwa. "Mzee, huyu mama wa katikati katulia sana. Ila mbona hana kichwa?"

Nikaitoa ile picha hapo hapo kwenye kaunta. Bi Bubu alikuwa katoka, usipime. Pini zake zinahesabika. Kipande cha gauni alichovalishwa, uzi wa kupiga bandi, ule wa kushikiza kwa muda, unauona ulivyopita. Na mbele yake, kulia moshi, kushoto moshi. Moshi wa kushoto ulikuwa unaondoka.

Dada aliitazama muda mrefu. Nilitegemea matusi. Badala yake akaziomba picha nyingine zote, akazipanga juu ya meza ya kukatia kama vipande vya gauni, akaanza kuninyooshea kidole. "Hapa umewapiga majirani, limetoka birika. Hapa umempiga mwenye duka, umetoka mzani. Hapa mmesimama watatu, katoka wa katikati, na wewe pembeni umetoka vile vile, maana mmebanana." Akavua miwani. "Kamera yako haioni watu. Inaona katikati."

Nikaichukua nikachungulia kwenye kidirisha. Kweli, katikati pana alama ndogo, kama mabano mawili, na sikuwahi kuiuliza ya nini. Ikiangukia mtu, inampima mtu. Watu wakiachana, inapita katikati yao, inakwenda kupima ukuta. Ndipo nikakumbuka mhandisi alinionyesha namna, nami nilikuwa naangalia nyama isiungue.

"Dada, ipo dawa," nikasema. "Unaielekeza kwa mmoja, unabonyeza kitufe nusu tu, hufikishi mwisho. Inashika umbali ule. Umeshikilia hivyo hivyo, unarudi katikati, ndipo unamalizia. Wanatoka wote, hata wakisimama kila mtu na wilaya yake."

"Una hakika?"

Nikaijaribu kwake na kwa pasi. Kijitaa cha kijani kikawaka na kutulia, kama alivyosema mhandisi. "Nina hakika."

Dada akaenda akafunga mlango wa uani. Akarudi. "Hilo la kubonyeza nusu hulijui."

"Nalijua, si nimekuonyesha sasa hivi?"

"Mdogo wangu, nimesema hulijui. Hukuwahi kulijua. Ukiulizwa, kamera hii haipigi mpaka mabega yagusane. Imetengenezwa hivyo huko ilikotoka. Tumeelewana?"

Nimefanya kazi chini ya wasimamizi wa barabara, wa mashamba na wa visima. Sijawahi kupewa amri iliyonyooka namna ile.

Basi nikanunua mkanda mpya, nikausubirisha Jumamosi. Yaani nilitaka kuusubirisha. Tatizo la kitu kinachofanya kazi chenyewe ni kwamba mkono unawasha. Nikapiga paa la jirani, jinsi jua lilivyoligusa. Nikapiga mbuzi, akahama, nikapiga tena. Nikamfundisha kinyozi kupiga, naye akanipiga, nami nikampiga yeye. Jumamosi mchana dada aliikamata kamera, akasoma kile kidirisha cha namba kilichoko juu yake, akasoma na namba iliyoandikwa kwenye boksi la mkanda, akatoa moja katika nyingine.

"Imebaki picha moja."

"Moja inatosha, dada."

"Umempiga picha mbuzi!"

"Alikuwa kasimama vizuri."

"Watoto wangu wasiposimama vizuri, wewe ndiye nitakayekuingiza kwenye fremu. Na nitakukata kwanza."

Maduka yalikuwa yamefungwa kwa mapumziko ya mchana, na gari la kuhama lilikuwa linapakiwa kwa akina Sindano. Mkanda mwingine haukuwepo. Ilikuwa ni hiyo moja.

Sindano alikuja kuaga kavaa gauni la safari, la bluu, mikono mirefu. Mumewe, mkwe kweli wa nyumba ile, alibaki nje kwenye lori, injini inanguruma. Kengele alikuwa kwenye cherehani na hakuacha kukanyaga. Dada akasimama katikati ya chumba akatangaza sheria: kamera ni ya namna hiyo, mabega yagusane, isipokuwa hivyo inapiga ukuta, na ushahidi ni huu. Akawaonyesha picha ya kwanza.

Kengele akaitazama. "Bi Bubu, umetoka vizuri," akasema. Akageuza shingo kumtafuta.

Bi Bubu hakuwepo. Dada alikuwa kambeba alfajiri, mguu na kila kitu, akamsimamisha uani chini ya kamba ya nguo, nje ya dirisha.

"Kaenda wapi?" Kengele akauliza, hamwulizi mtu.

"Anapunga upepo," dada akasema. "Simameni."

Wakasimama. Wakasogea kama watu wanaosukuma kabati, inchi kwa inchi. "Bado," nikasema. Wakasogea. "Mabega," nikasema. Mabega yakagusana, na wote wawili wakatazama mbele kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Nikachungulia. Alama ya katikati ikaangukia pale mikono miwili inapokutana. Nilikuwa tayari kabisa. Lakini dada, aliyesimama nyuma yangu, alinifinya mgongoni, na nikaelewa kwamba nisiwe na haraka.

"Taa haijakubali," nikasema. "Tulieni hivyo hivyo."

Sasa mkono wa fundi ni kama mkono wa mwizi: hauwezi kukaa karibu na kitu bila kukipapasa. Nilikiona kidole cha Kengele kwenye kidirisha. Kilianza kwenye kiwiko cha mdogo wake, kikashuka ubavuni, kikakutana na mshono. Kikapita juu yake. Kikarudi. Kikasimama. Kengele akafungua mdomo, akageuka kulia akimtafuta Bi Bubu, akageuka kushoto, akakuta ukuta mtupu na dirisha. Alivimba. Nilidhani atapasuka yeye safari hii.

"Nani kakushonea hili?" akasema.

Sindano naye akaangalia pale alipokuwa akisimama Bi Bubu.

"Nimejishonea mwenyewe."

"Inaonekana. Ubavuni umeacha nafasi ya mpangaji."

"Nimejifunza. La kwanza halikuwa na nafasi hata ya kupumua."

"Lilikuwa na nafasi ya mtu niliyempima!"

"Mjomba," Sindano akasema, "taa bado?"

Dada akaniachia mgongo. "Imekubali," nikasema. "Tayari. Msitikisike."

Wakarudi kuwa vitambulisho. Nikabonyeza. Taa ya kwanza ikawaka, na wote wawili wakaachia pumzi, kama watu waliodhani imekwisha. Na Sindano, hata hakumtazama dada yake, akasema kwa sauti ndogo, haraka, kama mtu anayetema pini:

"Haya, nilinenepa."

Taa ya pili ikawaka.

Kicheko cha Kengele sitakielezea. Mbwa walisimama. Na kabla kicheko hakijaisha, kamera mkononi mwangu ikaanza kulia, mlio mrefu mwembamba, inatetemeka kama panzi.

"Imekufa?" dada akapiga kelele. "Wewe, umeiua?"

"Mkanda umeisha, inaurudisha ndani. Inafanya yenyewe."

"Na picha? Imetoka?"

"Hiyo mpaka isafishwe."

Nje lori likapiga honi. Sindano akashika mkoba wake. Lakini Kengele alikuwa kashapiga magoti sakafuni, pini mdomoni, kamshika kiuno. "Haendi mtu na huu mshono. Atashuka huko, watamwuliza kashonewa na nani, atataja nyumba hii." Honi ikapigwa tena. "Shemeji!" Kengele akanguruma kupitia dirishani, "zima hilo lori!" Lori likazimika. Akambana ubavu ule, na ubavu wa pili, gauni likiwa mwilini hivyo hivyo, kwa sindano ya mkono, na kila alipochoma Sindano aliruka, na kila aliporuka aliambiwa atulie, na mengine waliyoambiana wakati huo walinong'ona, na mimi nilikuwa nimetolewa nje kwa sababu ni mwanamume. Nilikaa uani na Bi Bubu. Wote wawili tulikuwa hatuna kazi.

Nilisikia moja tu, maana Kengele hajui kunong'ona: "Na mimi niliona zipu inalia siku ya kukuvalisha. Nikasema, acha."

Sindano akaondoka, gauni limemkaa. Lakini picha hatukujua kama ipo. Dada siku zote za kusubiri studio ifunguliwe alipita mbele ya fremu bila kuiangalia, kama mtu anayempita jirani anayemdai salamu. Usiku nilimsikia anaamka kuigusa kamera mezani, kana kwamba ina homa.

Nilipofika studio, mwenye studio alikuwa anacheka tangu mlangoni. "Mzee, mbuzi katoka mzuri."

"Mbuzi mwachie. Ya mwisho."

Akanipa. Kengele mdomo wazi mpaka jino la mwisho. Sindano kafumba macho, kamwegemea, kashika ubavu kwa kucheka. Kila kifungo, kila unywele. Hata mshono ule mbaya wa bluu ungeweza kuuhesabu kichomo kwa kichomo. Na nyuma, dirishani, kitu kama moshi, kimesimama kwa mguu mmoja. Pembeni chini kulikuwa na tarehe ya rangi nyekundu, ambayo kamera inaandika yenyewe, na kwa kuwa sikuwahi kuirekebisha ilisema picha ilipigwa kabla Sindano hajazaliwa.

Dada akamtoa yule mgeni kwenye fremu, akaingiza wanawe. Halafu akasimama na ile picha ya dukani mkononi, asijue pa kuitupa. Mwisho akamrudisha ndani ya fremu, nyuma yao. "Tumeishi naye vizuri," akasema. Sasa wateja wakiuliza mkwe yuko wapi, anasema kasafiri. Na wakiuliza habari ya tarehe, anasema muulizeni mdogo wangu, ndiye msomi wa kamera.

Sindano alipiga simu baada ya kupata nakala yake. Alizungumza na mama yake, akazungumza na dada yake mpaka sikio la Kengele likawa jekundu, kisha akaomba anisalimie na mimi.

"Mjomba, picha nzuri sana."

"Ni kamera, mwanangu. Inafanya yenyewe."

"Lakini mjomba, nikwambie kitu. Mume wangu anayo kama hiyo hiyo. Si lazima watu wagusane. Unabonyeza nusu kwa mmoja, unashikilia, unarudi katikati, unamalizia."

Nikamwangalia dada. Dada akageuka, akaanza kupiga pasi kitambaa kilichokuwa kimenyooka tayari.

"Ulikuwa unajua siku ile?" nikamuuliza Sindano.

"Nilikuwa najua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, mjomba?" Sindano akasema. "Bi Bubu si alikuwa nje?"